Mtoto Asilale Kabla ya Mbeya

Barabara ya Tunduma kwenda Mbeya naijua vizuri kuliko ninavyolijua duka langu. Nimeipita nikiwa utingo, nimelala juu ya magunia ya mahindi. Nimeipita nikiendesha Fuso la mtu, na baadaye nikiendesha la kwangu. Lakini safari zilizonichosha kuliko zote ni zile mbili ambazo kazi yangu ilikuwa moja tu: kuhakikisha mtoto mchanga halali njiani.

Nianze kwa kujitambulisha, ingawa hapa Tunduma sina haja hiyo. Mimi ni muuza spea za malori. Niliishia darasa la saba, na cheti chenyewe sikurudi kukichukua. Nilianza kwa kusukuma mkokoteni wa unga kuvuka mpaka kwenda Nakonde, mvua yangu, jua langu. Leo lori likifia kule Kapiri Mposhi, Zambia, dereva hampigii mwenye digrii. Ananipigia mimi. Sijawahi kuambiwa "tafuta spea fulani" nikarudi mikono mitupu, na nyumba yangu ina ghorofa juu ya duka, kila kokoto nimesimamia mwenyewe. Nasema haya ili msomaji aelewe kwamba sikuwa mtu wa kuambiwa "subiri."

Huyu binti yetu wa mwisho alikuja wakati mke wangu ameshagawa nguo zote za watoto. Alipozaliwa alikuwa na doa la pinki, hafifu, kuanzia kope la jicho la kushoto mpaka karibu na sikio, kama mtu alimbonyeza shavu na kidole akakitoa sasa hivi. Mkunga akasema litafifia. Halikufifia. Wiki chache baadaye lilikuwa jekundu kama nyanya iliyoiva kupita kiasi, limeinuka, na ukiligusa lina joto.

Mama yangu mzazi alikuwa ameshuka kutoka kijijini, milimani juu ya Mlowo, kuja kumwogesha mjukuu kama ilivyo kwetu Wanyiha. Alimgeuza mtoto kwenye mwanga wa dirisha, akamtazama muda mrefu.

"Shangazi yangu karudi," akasema. "Yule aliyeungua moto utotoni. Shavu hilo hilo. Alikuwa mkali, jiandaeni." Kisha akamwambia mtoto, maana bibi kwetu humtania mjukuu wa kike kama mke mwenza: "Mke mwenzangu, umekuja umeshapaka rangi! Mimi nitapendwa na nani?"

Tukacheka. Mimi mwenyewe nililitangaza dukani lile doa. Nikawaambia wateja kwamba mwanangu kazaliwa na muhuri, kama mzigo uliopita forodha.

Siku ya kliniki muuguzi hakucheka. Alimpima uzito, akatazama kope lililoanza kuvimba, akatuandikia kwenda Vwawa, hospitali ya mkoa. Huko tulimkuta daktari wa watoto, binti mdogo ambaye ningeweza kumzaa.

"Dokta," nikamwambia, "hii ni alama ya kuzaliwa tu. Tupe ya kupaka twende, nimeacha duka."

"Ya kupaka ipo, mzee, lakini siyo ya alama kubwa kama hii." Alikuwa anapitisha kidole polepole pembeni ya doa, kutoka kwenye paji la uso hadi shavuni. "Alama hizi ni mishipa midogo ya damu. Watoto wengi wanazo, zinakua miezi ya mwanzo halafu zinanywea zenyewe. Ikiwa ndogo, mgongoni au mkononi, tunaiacha. Ila ikiwa kubwa na imeshika upande mmoja wa uso namna hii, wakati mwingine na ndani kuna kitu hakikujengeka sawa. Mishipa ya kichwani, ya shingoni, moyo, jicho. Siyo lazima kiwepo. Ndiyo maana tunapima."

Mke wangu alimkumbatia mtoto. Mimi nikalielewa jambo lile kwa njia yangu.

"Yaani ni kama giaboksi," nikasema. "Likiletwa linavuja oili kwenye sili ya nyuma, ile raba inayoizuia, mimi sifuti oili nikasema limepona. Nafungua. Mara nyingine sili yenyewe tu ndiyo imechoka. Mara nyingine unakuta beringi imeliwa."

Daktari akatabasamu. "Hivyo hivyo, mzee. Ila huyu hatumfungui, tunampiga picha."

Sifa ile nimeitembeza Tunduma nzima. Daktari kaniambia "hivyo hivyo."

Kisha akatueleza lililotukata maini. Kope lile lilikuwa linashuka. Jicho la mtoto mchanga likifunikwa kwa muda mrefu, ubongo unajifunza kuishi bila hilo jicho, na hata likija kufunguka baadaye halitaona sawasawa maisha yake yote. Dawa ya kupunguza uvimbe ipo, ya kunywa. Ila dawa hiyo hupunguza mapigo ya moyo na presha, na ikiwa kichwani kuna mshipa mwembamba, damu inaweza isifike ubongoni inavyotakiwa. Kwa hiyo dawa haianzi mpaka moyo na kichwa vipimwe.

"Pesa siyo tatizo," nikasema.

"Tatizo ni usingizi," akasema.

Mashine ya kichwa, iliyoko hospitali kubwa ya Mbeya, inataka mtu atulie kabisa kwa muda mrefu, na inagonga kwa kelele. Mkubwa unamwambia tulia. Mtoto wa miezi miwili humwambii. Kumlaza kwa dawa ya usingizi inawezekana, ila kwa mtoto ambaye mishipa yake hawajaijua, walipenda wajaribu kwanza njia ya kawaida: aletwe akiwa na njaa na usingizi, anyonyeshwe pale pale mlangoni, aviringishwe kwenye blanketi, alale mwenyewe, aingizwe. Asinyonye njiani. Asilale njiani.

Moyo ulipimwa siku yake, akiwa ananyonya, ukaonekana mzima. Ndani ya jicho nako wakatazama, hakukuwa na tatizo. Kikabaki kichwa.

Siku ya kichwa tuliondoka alfajiri. Mimi usukani, mke wangu nyuma na mtoto, na mama yangu, aliyekataa katakata kubaki. Foleni ya malori ilikuwa imefika Mpemba na bado inaendelea. Kabla hatujalimaliza lori la mwisho mtoto alishaanza kulia. Nikaimba. Nyimbo nilizokuwa nazo ni zile za wapakiaji wa mizigo, na nyingine haziimbwi mbele ya mama mzazi, ikabidi niruke maneno. Vwawa tukapita analia. Mlowo tulisimama mke wangu akamfuta uso kwa kitambaa cha maji baridi, maana macho yalikuwa yanajifunga, na hilo la kushoto uvimbe ulikuwa umeshalifunika nusu. Blauzi ya mke wangu ilikuwa imelowa maziwa mbele.

"Mnamtesa," mama akasema.

"Ni daktari, mama."

"Huyo daktari kazaa?"

Tangu hapo mpaka Mbalizi hakuna aliyesema kitu isipokuwa mtoto.

Tukafika. Mimi nikaenda kutafuta pa kuegesha gari, na nikiri kwamba nilichelewa kidogo kwa sababu nilimkuta mlinzi ana shida ya klachi kwenye gari la shemeji yake na alitaka ushauri wa mtu anayejua. Mke wangu aliitwa ndani kujibu maswali. Mama akabaki kwenye benchi la korido na mtoto anayelia kwa sauti iliyokauka.

Sasa, mtu asiye wa kwetu hawezi kuelewa. Bibi aliyekaa na mjukuu anayelia mbele za watu, hafanyi kitu, ni bibi wa namna gani? Benchi zima lilikuwa linamtazama. Mwanamke mmoja wa wafugaji wa kule Momba, amekuja na mgonjwa wake, akamwambia kwa upole, "Mama, mtoto kazidi. Hebu mbebe." Basi. Mama akafungua kitenge.

Niliporudi nilimkuta amesimama kwenye upenu wa jengo, mtoto mgongoni, anayumba kushoto na kulia, anamwimbia kwa Kinyiha, huku mkono unampigapiga matakoni. Kimya kabisa. Mtoto alikuwa anakoroma.

"Kalala," mama akaninong'oneza, uso wake umejaa ushindi. Wale wa kwenye benchi wakanitazama kama wanaosema, umeona?

Kumbe zamu yetu ilikuwa bado. Mpaka tunaitwa, yule mtoto alishapata usingizi wake akaumaliza. Tukampa ziwa, akanyonya mara mbili, akaliachia, akaanza kucheka na taa. Tukamviringisha, akacheka. Mtaalamu wa mashine akajaribu kumweka, mashine ikagonga mara ya kwanza, na kilio kilichotoka pale nadhani kilisikika Uyole. Wakajaribu tena. Wakasubiri. Wagonjwa wengine walikuwa wanangoja.

"Tutawapangia siku nyingine, mzee," yule mtaalamu akasema.

Nilimwambia mimi ni nani. Akasema amefurahi kunifahamu, na tutapangiwa siku nyingine.

Kurudi, mtoto alilala tangu getini mpaka Tunduma. Hakushtuka hata na honi za malori. Mimi nilikuwa nimechoka hata hasira zilishindwa kupanda.

"Mama," nikasema tulipokuwa tunamaliza Mlowo, "si ulimsikia daktari?"

"Nilimsikia. Nimelea saba, baba. Masikio yalisikia, mikono haikusikia."

Mke wangu, nyuma, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, na hakuna aliyejua amtulizeje.

Wiki zilizofuata kope lilishuka kama mlango wa duka wa kuvuta chini, kidogo kidogo. Kila asubuhi kabla sijafungua biashara nilikuwa namwinua mtoto kwenye mwanga na kutafuta jicho. Mwanzo nililiona nusu. Halafu ukabaki mstari, mweupe, kama ufa kwenye kikombe. Mke wangu alikuwa hataki nimwambie nilichokiona. Alikuwa akinisoma usoni tu.

Ndipo akaja dereva mmoja Mzambia, mteja wangu wa siku nyingi, anayetoka Kitwe. "Mulishani, bakalamba?" Mzee, habari. Nikamwambia siyo nzuri, nikamwonyesha mtoto.

"Aa, hii! Mtoto wa dada yangu alikuwa nayo. Walimpa vidonge vya presha, vya watu wazima, wanasaga. Mwezi mmoja tu, imekaa chini."

Akanitajia jina la dawa. Lilikuwa ndilo lile lile alilolitaja daktari. Msomaji anifikirie mimi, mtu ambaye kila kitu maishani mwake amekipata kwa kupitia mlango wa nyuma na kufika kabla ya waliopanga foleni mbele. Dawa yenyewe inauzwa mtaa wa tatu kutoka kwangu. Kabla ya chakula cha mchana nilikuwa nayo mfukoni.

Mke wangu alikuwa anaanika nepi. Nikaiweka juu ya ndoo iliyofunikwa.

"Hii nini?"

"Ndiyo yenyewe. Tunampa robo ya robo."

Aliishika, akaisoma. Yeye alifika kidato cha nne, ananishinda kusoma, namruhusu.

"Kipimo?"

"Kipimo! Jicho linafunga wewe unasema kipimo?"

"Baba watoto, juzi yule kijana alikuletea lori linachemsha, akakuomba utoe tu ile kitu inayozuia maji ili afike Lusaka. Ulimwambiaje?"

"Nilimwambia sigusi kitu kabla sijajua kinachemsha kwa nini."

"Ehee."

"Lile ni lori."

"Ndiyo. Na huyu ni mtoto." Akanirudishia pakiti. "Iweke juu ya kabati. Ikifika siku ya kipimo tukapima, utaishusha wewe mwenyewe."

Nikaiweka. Siyo kwamba alinishinda. Nilikuwa tu sina tena nguvu za kubishana na mtu ambaye ananirudishia maneno yangu mwenyewe.

Siku ya pili ya kichwa ilipokaribia nikatangaza kwamba mama atabaki nyumbani. Mama akainama kuchambua maharage. Mke wangu ndiye aliyekataa.

"Mama anakwenda."

"Ili amlaze tena?"

"Ndiyo, ili amlaze tena. Umewahi kumwona mtoto huyu analala kwenye kelele? Mimi akiniona anataka ziwa, hatulii. Siku ile watu wamejaa, vitoroli vinapita, na yeye alimlaza kabla wewe hujamaliza habari za klachi." Akamgeukia mkwewe. "Mama, nakuomba. Utamgusa pale tutakapokwambia. Kabla ya hapo hapana, hata akilia."

"Hata akilia," mama akarudia, kama mtu anayeambiwa bei.

Safari hii mama alikaa mbele, pembeni yangu. Mtoto alipoanza kulia, maeneo yale yale ya Mpemba, aliviringisha mikono yake ndani ya kitenge akaikalia. Nawaambieni, nimeona watu wakibeba injini, sijaona kazi nzito kama ile. Alikuwa anatazama mbele, midomo inacheza. Baada ya Vwawa akaanza kuongea peke yake, polepole, bila kugeuka nyuma:

"Mke mwenzangu, nisamehe. Siyo mimi. Ni huyu baba yako, ana roho ngumu tangu utoto. Alinyonya mpaka akaota meno yote, leo anakunyima wewe."

"Mama, nipo hapa."

"Naongea na mwenzangu."

Nikaimba tena. Mlowo tukamfuta uso kwa maji. Mbalizi mtoto alianza kusinzia huku analia, kichwa kinaanguka kinainuka, na mke wangu akawa anamtekenya nyayo huku machozi yanamdondokea mtoto kichwani. Nilipita matuta kwa fujo kusudi, ili gari limtikise. Gari zuri lile, springi zake nilizifunga mwenyewe, nami nikawa naligongesha kama la kukodi.

Tulipofika mtaalamu alikuwa tayari. Akasema mtu mmoja anaweza kukaa ndani na mtoto, ila asiwe na chuma chochote.

"Bibi, una chuma mwilini?"

"Chuma? Mimi siyo lori la mwanangu."

Zikatoka hereni. Ikatoka pini ya kitenge. Kisha, baada ya kusita, kutoka kwenye pindo la kiunoni, likatoka kopo la ugoro, la bati, ambao aliniapia kwamba aliuacha nilipompeleka kutibiwa kifua. Akalitia kwenye kiganja changu bila kunitazama.

Mtoto akanyonya pale mlangoni, kwa pupa, mpaka akapaliwa. Mke wangu akampa mama ishara kwa macho. Mama akaitoa mikono. Hakumbeba mgongoni safari hii. Alimlaza kwenye mapaja, wakamviringisha na kumziba masikio, naye akampigapiga na kuimba ule wimbo wake. Sikuona hata alipofumba. Wakaingia, mlango ukafungwa.

Ile mashine ukiwa nje unaisikia kama mafundi wa bodi wanaonyoosha bamba. Ilianza kugonga. Nikangoja kilio. Ikagonga tena, kwa mwendo mwingine. Mke wangu alikuwa amenishika mkono, na kwenye mkono mwingine nina kopo la ugoro. Nakumbuka niliwaza kwamba nikiketi tu kidogo...

Nilishtuka nimefinywa. "Unakoroma," mke wangu akasema. "Wametoka." Mtoto alikuwa bado amelala. Mama alikuwa nyuma yake, anatembea kama mtu aliyeshushwa kwenye lori baada ya safari ya mbali.

"Ilikuwa inapiga kelele ile kitu," akasema, "nami nikapigapiga kwa kuifuatisha."

Majibu alitupa yule yule daktari wa Vwawa. Ubongo umejengeka vizuri. Lakini kuna mshipa mmoja upande wa kushoto umepinda, na mwembamba kuliko mwenzake wa kulia. Hauhitaji kupasuliwa, unahitaji kujulikana na kufuatiliwa. Dawa atapewa, ila wodini, kwa kuanza na kiasi kidogo sana, wakimpima presha na sukari, na kila mara awe amenyonya kwanza.

"Angeanzishiwa nyumbani kwa kukisia," daktari akasema, akifunga bahasha, "sipendi hata kuwaza."

Mke wangu hakunitazama. Angenitazama ingekuwa afadhali. Jioni ile nilipopita nyumbani kuchukua nguo za wodini, nilipanda kiti nikaishusha pakiti, kama nilivyoambiwa kwamba nitaishusha mwenyewe, nikaitupa.

Wodini nilikuwa mtu wa benchi. Duka lilifunguliwa na wengine. Mtu aliyekaa karibu nami akiniuliza nafanya kazi gani nilimweleza, ila kwa ufupi, na wakati mwingine nilipotea katikati ya habari ya mkokoteni wa unga. Muuguzi alikuja na sirinji ndogo isiyo na sindano, anamdondoshea mtoto mdomoni, anaandika, anaondoka. Siku za kwanza hakikubadilika kitu. Kisha ule wekundu ukawa kama umemwagiwa majivu. Ukiligusa doa, joto limepungua, linabonyea.

Asubuhi moja nilifika na uji. Mke wangu alikuwa ameenda kuoga. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na kitanda, kichwa nyuma, mdomo wazi, amelala fofofo, mkono mmoja bado uko juu ya tumbo la mtoto. Nikainama kwenye mwanga wa dirisha kutafuta jicho, kama kawaida yangu.

Lilikuwa wazi. Siyo lote, ila wazi. Jeusi, lina maji, linacheza sambamba na mwenzake. Nikapunga mkono. Nikatingisha chupa ya uji. Mimi niliyeendesha, niliyeimba, niliyekesha, niliyewaacha wateja wa nchi mbili wakihangaika bila mimi. Hakunitazama hata kidogo. Macho yote mawili yalikuwa yamekazwa kwa bibi yake, yanafuata ule mdomo ukifunguka na kufumba kwa kukoroma.

Nikavuta kiti kingine nikakaa upande wa pili. Sikumwamsha mama. Nilikuwa nimechoka.